Msichana Niliyemtunga

Siku hizi watu wanazisifu hotuba za mwanzo za wifi yangu mpaka mate yanawakauka. Eti zilitoka moyoni. Moyoni! Zilitoka jikoni, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, kati ya kapu la vitunguu na kikombe changu cha chai. Aliyeziandika ni mimi, dada wa mumewe, niliyerudi kwa kaka yangu na sanduku moja baada ya ndoa kunishinda. Sisemi haya ili nisifiwe. Subirini mpaka mwisho, hamtakuwa na hamu ya kunisifu.

Kaka alikuwa ndiyo kwanza ameukwaa uwaziri, na wakubwa wake walitaka vijana watulizwe, maana walikuwa wameanza kuuliza maswali. Lakini kaka hana sauti. Mwekee maikrofoni mbele utadhani jino linamuuma. Mkewe ndiye aliyejaliwa: sauti nzito, ya polepole, yenye huruma ndani yake hata anapomfukuza mpishi. Basi wakampa robo saa redioni, kila Jumamosi saa kumi jioni, azungumze na klabu za vijana. Kila kiwanda, kila shule, kila bohari ilikuwa na klabu yake, na kila klabu ililazimika kukaa mbele ya redio siku hiyo, wapende wasipende. Ndani ya mwezi mmoja nchi nzima ilikuwa inamwita Mama. Mimi nilimwita wifi, na tulitaniana kama mawifi wanavyotaniana, yaani kwa kuchomana.

Kulikuwa na utaratibu mmoja ambao kaka alijivunia mno. Kila klabu ilitakiwa kuijibu kila hotuba kwa barua, ndani ya siku saba, kueleza imetekeleza nini. Mama akihimiza usafi, mnaandika mmefagia wapi. Mama akikemea ulevi, mnaandika nani ameacha. Kujibu kwamba hakukuwa na la kutekeleza hakukuruhusiwa. Barua isipofika, katibu wa klabu anaitwa kujieleza, na wengine wakiitwa hawakurudi kwenye kazi zao. Barua zote zilikuja kwangu, nazifungua kwa kisu cha mezani.

Hotuba tatu za kwanza zilikuwa za kulaza watoto. Wifi alilijua hilo. Siku ya Alhamisi akaingia jikoni na karatasi ya Jumamosi mkononi, akaitupa juu ya vitunguu.

"Wifi, hii ni hotuba au mahubiri ya msibani?"

"Andika mwenyewe basi. Una mikono miwili."

"Ningejua kuandika, wewe ungekuwa unakula kwa nani?"

Alicheka, nami nikacheka, lakini neno liliingia. Nilikuwa nakula kwake, nalala kwake, na kiatu nilichovaa kilikuwa chake cha mwaka juzi.

"Nataka mtu," akasema. "Mtu mbaya. Niwaambie fulani wa klabu fulani amefanya hivi na hivi. Nataka kila mmoja wao ajikague mpaka kwenye soksi."

"Nitamtoa wapi? Barua zote zinasema wao ni malaika."

"Mtunge. Ila klabu uitaje. Bila klabu hakuna atakayetetemeka."

Nilikuwa nashona kifungo cha shati la kaka. Kibiringo cha uzi kilikuwa mezani, na karatasi yake ina jina la kiwanda. Ndivyo nilivyochagua, wallahi, hakuna sababu nyingine. Kiwanda cha nyuzi kina wafanyakazi elfu tatu, nikajiambia, nani atakwenda kumtafuta mtu ambaye hayupo? Nikaandika kwamba yuko msichana mmoja wa klabu ya kiwanda cha nyuzi ambaye, wenzake wanapomsikiliza Mama, yeye hucheka. Nikamalizia hivi: "Sitamtaja jina. Anajijua, nanyi mnamjua. Nawaachia ninyi wenzake." Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma kwa sauti mara mbili na kujipongeza.

Jumamosi ile wifi aliisoma kana kwamba ameumizwa kweli. Hotuba zilikwenda moja kwa moja hewani, kwa sababu alisema sauti iliyorekodiwa ni sawa na chakula kilicholala. Kwenye neno "hucheka" akanyamaza kidogo, ukasikia kabisa anavyomeza mate. Fundi mitambo, mzee tuliyemwita Masikio, alivua visikilizio vyake na kuniambia, nilipopita upande wake wa kioo, kwamba leo nywele zimemsimama. Jioni hiyo mkubwa wa wakubwa alimpigia kaka simu kumpongeza. Kaka alikuja jikoni kwa miguu yake mwenyewe, jambo asilolifanya, akanishika bega.

Siku ya tano ikafika barua ya kiwanda cha nyuzi.

"Tunayo heshima kuarifu," iliandikwa kwa taipu, bila kosa hata moja, "kwamba msichana aliyetajwa na Mama amepatikana."

Nitasema kweli, kwanza nilicheka. Nikacheka peke yangu na kisu mkononi. Halafu nikaendelea kusoma. Klabu ilikuwa imekaa kikao cha saa tatu. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, thelathini na nane dhidi ya mbili. Msichana ametolewa klabuni. Ameondolewa kwenye mashine yake na kupelekwa chumba cha takataka za pamba. Jina lake limefutwa kwenye orodha ya wanaokwenda chuo cha uuguzi, ambamo alikuwa wa kwanza kwa alama. "Amekana kosa lake, jambo linalothibitisha ukaidi. Tunaomba maelekezo zaidi."

Mtu niliyemtunga kwa sababu ya kibiringo cha uzi alikuwa na alama za mtihani.

Jumatatu nilikwenda kiwandani. Katibu wa klabu alinipokea getini, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, nadhifu, mwenye adabu mpaka inakera. Alinipitisha katikati ya mashine zinazopiga kelele za kukutoa akili, akanisimamisha kwenye dirisha dogo. Upande wa pili kulikuwa na vumbi jeupe na watu watano wakizoa mabaki ya pamba kwa mikono. Wanne walikuwa wazee.

"Yule wa mwisho," akasema.

Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mrefu, amejifunga kitambaa puani. Alipotuona akakiteremsha ili atusalimie. Meno yake ya juu yalikuwa yametangulia mbele, mdomo hauyafuniki. Hata akiwa ametulia, ungeapa kwamba anatabasamu.

"Unaona?" katibu akasema. "Hata sasa."

"Hayo ni meno, mwanangu."

Katibu alitazama nyuma kwanza, kisha akasogea karibu na sikio langu.

"Tulikaa saa tatu, dada. Hakuna aliyekuwa amemwona mtu akicheka. Kila mmoja anamtazama mwenzake, na barua inatakiwa. Halafu mmoja akasema, huyu meno yake yako nje siku zote. Basi. Kila mtu akashusha pumzi."

"Na kama Mama alikosea?"

Aliondoa mkono kwenye dirisha. Akachomoa kalamu moja, taratibu, na kidaftari.

"Samahani, umesema Mama amefanya nini? Niandike vizuri."

Nikamtazama mtoto yule, angeweza kuwa mwanangu, na mkia nikaufyata. "Nilikuwa nakupima," nikasema.

"Nilijua," akajibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Niliporudi nyumbani wifi alikuwa anasukwa nywele barazani. Nilimfukuza msusi, nikamweleza yote bila kupaka rangi: nilimtunga msichana, wamempata, anakula vumbi, chuo kimempita. Alinisikiliza huku nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Sasa shida iko wapi?" akauliza. "Ulisema hayupo. Kumbe yupo."

"Wifi, huyo hakucheka!"

"Unajuaje? Wewe ulikuwepo?"

"Nilimtunga mimi! Kwa mkono huu!"

"Punguza sauti. Unataka kaka yako aamke kesho si waziri, kisa meno ya mtu?" Alinyoosha mkono, akanivuta nikae karibu naye, akawa mpole ghafla. "Sina roho mbaya, wifi. Mlete Jumamosi. Aombe radhi hewani, sentensi mbili tu, nami nitamsamehe mbele ya nchi nzima. Nikishamsamehe, nani atathubutu kumnyima chuo? Tena itapendeza. Mama anakasirika, Mama anasamehe." Macho yake yalikuwa yameshaanza kung'aa, na nilijua anaisikia sauti yake mwenyewe.

Nilikubali. Nilijidanganya kwamba nimeshinda.

Msichana aliishi na mama yake nyuma ya hospitali kuu. Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka ya wodini, na ua wao wote ulikuwa kamba na mashuka, unapita huku ukijiinamisha. Mwanamke yule aliposikia nimetoka kwa Mama alinipa kiti pekee cha nyumba, akakifuta kwanza kwa kanga yake. Nikamweleza habari ya msamaha. Akaanza kulia kwa furaha kabla sijamaliza.

"Umesikia, mwanangu? Mama mdogo amekuja kutuokoa. Sentensi mbili tu!"

"Niombe radhi kwa kosa gani?" msichana akauliza. Hakuwa na jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia.

"Kosa lolote! Unachagua kosa saa hizi?" mama yake akafoka. "Miaka sita nafua damu za watu ili wewe uvae sare nyeupe, leo unaniuliza kosa?"

Msichana akatoka uani. Nikamfuata kati ya mashuka. Alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha siku chache za pamba. Alinieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba alipokuwa mdogo alikuwa anajifunga mdomo kwa kitambaa usiku ili meno yarudi ndani. Akasema hotuba za Mama alizipenda. Alikuwa anaziandika kwenye daftari.

Hapo nilishindwa. Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, kifungo, uzi, meza, na ile sentensi ya mwisho niliyojipongeza nayo. Alinikodolea macho.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

"Basi sema wewe. Jumamosi. Useme kama ulivyoniambia hapa, halafu mimi nitaomba radhi hata ya kuzaliwa, nikitakiwa."

Nani angeweza kumkatalia, pale, macho kwa macho? Nilimwambia nitakuwa chumba kimoja naye. Nilimwambia nitasimama naye. Nilimwambia, Mungu anione, kwamba wakati ukifika nitasema. Na nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa namaanisha, mpaka nilipofika kwenye kona ya barabara.

Jumamosi walikuja redioni mapema. Mama yake alizuiwa getini, kwa hiyo mlinzi akampa benchi na kumwongezea redio sauti ili asikose neno. Msichana nikampandisha mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kuazima, limepigwa pasi mpaka limesimama. Wifi alimpokea studio kwa mikono miwili, akamshika shavu.

"Kumbe mzuri hivi! Haya, funga mdomo mwanangu, tunakaribia kuanza."

"Haufungi, Mama."

"Utafunga tu."

Tukakaa. Wifi mbele ya maikrofoni moja, msichana mbele ya nyingine, mimi pembeni kwenye kiti changu cha siku zote. Kazi yangu mle ndani ilikuwa moja: kumwangalia Masikio kupitia kioo na kumpa ishara. Kidole kimoja, endelea. Mkono mzima juu, zima maikrofoni, piga bendi. Kwa wiki zote hizo sikuwahi kuunyoosha mkono mzima. Taa nyekundu, inayowaka tukiwa hewani, ilikuwa ukutani nyuma ya msichana.

Taa ikawaka. Wifi akaanza, na sauti ile, jamani, ilikuwa asali. Alizungumza juu ya mama anayekasirika na mama anayesamehe. Alisema mkosaji yupo hapa, ameguswa na dhamiri, amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Kisha akamfanyia ishara.

Msichana alishika karatasi niliyomwandikia. Sentensi mbili. Hakuisoma. Alinitazama mimi, akangoja.

Nilikuwa na maneno mdomoni, yamepangika kabisa. Halafu nikamwona kaka, sijui kwa nini, amesimama jikoni amenishika bega. Nikaliona sanduku langu. Nikajiona barabarani nalo, na kiatu cha mtu mwingine mguuni, sina mbele wala nyuma, nikielezea watu kwamba niliokoa binti wa mfua mashuka. Nikatazama kucha zangu.

Msichana akaiweka karatasi mezani, kifudifudi. Akavuta pumzi.

Nikanyoosha mkono mzima.

Uso wake ukachangamka. Akaniangalia kwa shukrani, akangoja kidogo kunipa nafasi, sikuelewa kwa nini. Masikio akaminya kitufe, taa ikazimika nyuma ya mgongo wake, na huko nje nchi nzima ikaanza kusikiliza tarumbeta. Mle ndani hazikusikika.

Nami niliponyamaza, akasema mwenyewe. Akasema yote. Mimi sikucheka, akasema, mdomo wangu ndivyo ulivyoumbwa, na wenzangu naomba mnisikilize, najua mliogopa, sina kinyongo nanyi. Akasema hakukuwa na msichana yeyote aliyecheka, kwamba mtu huyo alitungwa mezani. Akasema anataka kuwa muuguzi. Alisema bila kutetemeka, kwa Kiswahili safi, vizuri kuliko chochote nilichowahi kumwandikia wifi. Na wifi alikuwa ameona taa imezimika. Alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemeza kidevu mkononi, anatikisa kichwa kwa upole kana kwamba anakubali kila neno.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, Mama."

"Umesema vizuri. Nenda nje ukapumzike."

Mlango ulipofungwa, wifi alinigeukia, akanipiga kofi dogo la utani pajani. "Wifi, una mkono mwepesi! Nilijua damu ni damu. Huyo asikanyage chuo chochote, mwambie katibu wake. Na Jumamosi ijayo nataka mwingine, wa klabu nyingine. Mvulana safari hii." Akaanza kutafuta kioo kwenye mkoba wake.

Nilimkuta msichana kwenye ngazi. Alikuwa anashuka haraka, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Tulitoka pamoja. Getini mama yake alisimama kwenye benchi alipotuona, kanga inamdondoka, machozi na kicheko pamoja.

"Umenisikia, mama?" msichana akauliza. "Ulinisikia nilivyosema?"

"Nimemsikia Mama akikusamehe! Baba huyu shahidi yangu. Halafu wakapiga bendi mpaka sasa." Akamshika binti yake mabega. "Kwani na wewe ulisema? Ulisema saa ngapi?"

Redio ya mlinzi ilikuwa bado inapiga tarumbeta. Msichana aliisikiliza kidogo. Kisha akanigeukia, akautazama mkono wangu wa kulia.

"Ule mkono," akasema. "Nilidhani unaomba kusema."

Mama yake hakuelewa, wala hakuwa na haja ya kuelewa. Aliukamata mkono huohuo kwa mikono yake miwili iliyopasuka kwa sabuni, akaubusu, akaniombea maisha marefu, akaniuliza barua ya chuo itatoka lini.

Nikamwambia wiki ijayo.